Marehemu Aliyebeba Jeneza

Mume wangu ni mwoga. Nasema hivyo kwa mapenzi, na nasema akiwa hapo nje ananisikia, kwa sababu mwenyewe hakatai. Anaogopa mbwa, anaogopa radi, anaogopa watu wanaokuja kusoma mita ya umeme. Mlango ukigongwa hunitazama mimi kwanza, utadhani mimi ndiye niliyegonga. Mtaani wanamwita Taratibu, na wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi yake, maana ni fundi wa makochi na hajawahi kuharakisha kochi la mtu hata siku moja. Sisi wa nyumbani tunajua jina lilitoka wapi. Ni vile anavyotembea bega likigusa ukuta, ili njia yote wabaki nayo wengine.

Ana dawa yake ya woga. Kwenye ukosi wa shati lake huwa imechomekwa sindano ya kushonea makochi, ile iliyopinda, pamoja na uzi wake. Hofu ikimshika, mkono unapanda ukosini wenyewe, na chochote kilichopasuka karibu naye kitashonwa. Siku aliyokuja kunichumbia alishona mto wa kochi la baba yangu mwanzo hadi mwisho huku wazee wakizungumza. Walipoondoka baba alisema, "Huyu kijana ama ana adabu sana ama ana wazimu, lakini mto wangu umepona."

Woga huu haukudondoka kutoka mbinguni. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa hajaanza shule, akachukuliwa na baba yake mdogo, ambaye siku hizo alikuwa askari wa jela. Huyo jina lake la mtaani ni Kufuli. Kwake mtoto akilia, au akivunja kikombe, au akichelewa kuitika, alifungiwa stoo, pamoja na magunia na mapipa matupu, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa Kufuli. Ulitoka humo alipotaka yeye. Mume wangu aligundua mapema kwamba kulia kunaongeza kifungo na kunyamaza kunapunguza. Basi akanyamaza, na akaendelea kunyamaza mpaka akaota ndevu.

Mke wa Kufuli, mama mdogo, hakuwa na ufunguo wala ubavu wa kuuomba. Lakini mumewe akitoka tu, alikuja kuketi chini upande wa pili wa ule mlango wa stoo.

"Baba," anaita kwa sauti ndogo, "upo?"

"Shikamoo mama," anaitika mtoto gizani.

"Marahaba baba. Hujambo? Tumbo limeacha kuuma?"

Ndiyo yote aliyoweza kumpa. Mume wangu aliponisimulia habari hii tulikuwa tumeshaoana muda mrefu, na alinisimulia akiwa ameinamia kochi, hakuniangalia usoni.

Aliyemtoa huko ni babu yake, baba mzazi wa Kufuli. Alikuja kuwatembelea, akasikia chafya ndani ya stoo. Akaomba ufunguo, akanyimwa. Akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa nyundo, akang'oa bawaba za mlango moja moja bila kusema neno, akambeba mtoto begani mpaka karakana. Huko ndiko mume wangu alikokulia. Alijifunza kukaza mikanda ya kiti, kukata sponji, kuvuta kitambaa kisiache mkunjo, na jioni walikuwa wakikalia walichotengeneza ili kukijaribu, babu huku, mjukuu kule, kimya kama maji mtungini.

Karakana yenyewe ni chumba cha mabati kati ya fundi wa kuchomelea na duka la vipuri. Mwenye chumba ni mama mmoja mjane, aliyempenda babu, akamwahidi kwamba akiamua kuuza atamuuzia yeye. Babu hakuwa na akiba ya kununua chumba. Alichofanya ni kukata bima ya maisha, akamwandika mjukuu kuwa mnufaika, na kila mwezi akakatwa hadi mwisho wake.

"Mimi nikiondoka," alikuwa akimwambia, "hiyo ndiyo itakayomlipa mama. Wewe usihamishwe hapa na mtu."

Babu akaondoka kweli. Alilala mchana akiwa juu ya kochi la mteja, hakuamka. Siku ya mazishi waliobeba jeneza kwa mbele walikuwa wawili: Kufuli upande wa kulia, mume wangu upande wa kushoto. Binti yetu alikuwa na kikohozi kibaya siku hiyo, na mama mdogo ndiye aliyemchukua, akambeba mgongoni tangu asubuhi mpaka watu walipotawanyika, akimsugua kifua kila akikohoa. Nawataja watu hawa na walichofanya kwa sababu utakihitaji mbele.

Msiba ulipopoa, mama mwenye chumba akaja kutuambia kwamba anauza. Kuna mtu anakitaka akigeuze ghala, lakini ahadi ni ahadi, atatusubiri kidogo. Tukavaa vizuri, tukaenda ofisi ya bima. Ilinibidi nimsukume mume wangu mlangoni, maana kwenye orodha ya anavyoviogopa, ofisi inashika namba mbili. Ya kwanza ni Kufuli.

Karani wa dirishani alikuwa binti mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi. Akagonga gonga kompyuta yake, akasoma, akakunja uso.

"Mnufaika alishafariki," akasema. "Madai yameletwa na mtoto wa mwenye bima. Wewe ni nani wake?"

Mume wangu akanitazama, kisha akamtazama binti. "Ndiye mimi."

"Ndiye wewe nani?"

"Mnufaika."

Yule binti akarudisha kiti chake nyuma. Akasoma tena, mdomo ukichezacheza. "Hapa inaonyesha ulifariki kabla ya babu yako."

"Samahani," akasema mume wangu.

Samahani! Mtu anaambiwa amekufa, anaomba radhi kwa usumbufu. Nikamsogeza kando, nikaingiza kichwa dirishani mimi. "Dada, jeneza la babu mbele upande wa kushoto lilibebwa na marehemu huyu huyu unayemwona. Tena analalamika bega mpaka leo."

Akaomba kitambulisho. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mume wangu alikitoa, na kilikuwa kile kile kilichofuliwa ndani ya suruali miaka mingi iliyopita, picha imefutika, limebaki kivuli cha kichwa. Nimeimba wimbo wa kitambulisho kipya tangu tuoane. Hakwenda, kwa sababu kuna foleni na kuna maswali. Ukoo mzima ulimtania kwa hilo, na Kufuli alikuwa akicheka kuliko wote.

"Hii inaweza kuwa ya mtu yeyote," karani akasema. Kisha akashusha sauti, nadhani alituonea huruma. Kuna hati ya kiapo, akatuambia. Baba mdogo ameapa kwamba mtoto wa kaka yake amekufa na amemzika mwenyewe, na mkewe ametia sahihi kama shahidi. Tukitaka tunaweza kuweka pingamizi, na siku ya kusikilizwa tutaitwa wote chumba kimoja.

"Na yeye?" akauliza mume wangu.

"Lazima na yeye."

Pingamizi liliandikwa na mimi, yeye akasaini, karani akimshikia karatasi. Tulipotoka nje nilicheka. Nilicheka sana, nikamwita marehemu, nikamwuliza huko ahera makochi yakoje. Tulipofika kwenye kona kicheko kikanikatikia kooni. Mtu akishakula kiapo kwamba umekufa, kisha akasikia uko hai na unazunguka maofisini, anafanya nini? Nilimwona mume wangu akibadili upande, akaanza kutembea kwa ndani na kuniacha mimi kwa nje, upande wa barabara, kisha akaona haya, akarudi nje yeye.

Tangu siku ile tuliishi roho juu. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, kijiko kinasimama njiani kuelekea mdomoni. Nilimkataza binti yetu kupokea kitu kwa mtu yeyote. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba aje atoe ushahidi kwamba mume wangu anaishi hapa na anapumua. Akajikuna shingo. "Mambo ya ukoo hayo, shemeji," akaniambia. "Yamalizeni ndani." Alikuwa akikaa baraza moja na Kufuli kila jioni. Jirani mmoja alisema angekuja, kesho yake akakumbuka ana safari. Mwingine akaniambia wazi kwamba ana watoto. Nilimtukana moyoni, ila nilimwelewa, maana na mimi ninaye.

Kufuli akaja karakana siku moja mchana. Mimi nilikuwa nimempelekea mume wangu chakula. Hakubisha hodi. Aliingia na shati lake jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, akaketi kwenye kochi lililokuwa bado halijavishwa kitambaa, akaweka mguu juu ya mguu. Mkono wa mume wangu ulikuwa umeshafika ukosini.

"Nimesikia kuna mtu anazunguka maofisini na jina la marehemu mtoto wa kaka yangu," akasema. Alizungumza pole pole, kama anayembembeleza mtoto alale. "Kosa kubwa hilo. Mimi nimefanya kazi jela, nawajua waliofungwa kwa makosa ya namna hiyo. Wengine hawatoki."

"Baba, humwoni huyu?" nikasema. "Huyu hapa mbele yako!"

Hakugeuza hata jicho kumwangalia mume wangu. Aliniangalia mimi. "Wewe bibi ni mjane," akaniambia. "Mjane anakaa kwa heshima, asije akapatwa na mengine."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu, mimi huwa sikosi maneno, lakini siku hiyo ulimi ulilala mdomoni kama si wangu. Akainuka, akajifuta suruali. Akatoka. Nilipoanza tu kuvuta pumzi nikasikia mlango wa bati unavutwa, giza likaingia, na kufuli letu wenyewe, lile tuliloliacha likining'inia kwenye komeo, likabanwa kwa nje. Kisha viatu vyake, vikienda zao bila haraka.

Chumba hicho hakina dirisha. Kopo la gundi lilikuwa wazi na jua lilikuwa juu ya bati, harufu ikaanza kupanda kichwani. Nikapapasa nikalifunika. Nikamwita mume wangu, hakujibu. Nilimkuta chini ya meza ya kukatia, magoti yamegusa kidevu, mikono imefumbata miguu. Macho yalikuwa wazi ila hayakuwa yakiniona. Hata pumzi yake ilikuwa haisikiki. Nikajua amerudi stoo, yuko na magunia yake, anapunguza kifungo kwa kunyamaza.

Mimi sikulelewa hivyo. Nilichukua nyundo nikaanza kupiga bati, nikapiga yowe, nikaita kila mtu niliyemjua na nisiyemjua. Mashine ya jirani ya kuchomelea ilikuwa ikinguruma, hakuna aliyesikia. Jasho likaniingia machoni. Niliogopa, msomaji, niliogopa kufa kipumbavu karibu na watu hivyo, kwa gundi na joto, mtoto wetu akiwa shule. Nikaendelea kupiga mpaka mashine ilipopumzika. Ndipo nikasikia jirani akisema, "We, kuna watu humo!" Akaja kukata kufuli.

"Nani kawafungia?" akauliza. Nikamtajia. Akatazama chini. "Mimi sijaona kitu, shemeji," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Jioni hiyo mimi ndiye niliyefyata mkia. Nilimwambia mume wangu basi, tuache, achukue, chumba tutapata kingine. Nililia nikisema hivyo. Yeye alikuwa ameketi kitandani akivitazama viganja vyake.

"Ulipiga kelele," akasema.

"Ndiyo, nilipiga kelele. Ulitaka nifanye nini?"

"Na tukafunguliwa." Akafikiri kidogo, uso umekunjamana kama wa mtu anayepima kitambaa asichokijua. "Mimi sikujua. Siku zote nilidhani ukipiga kelele ndiyo hufunguliwi."

Nikajifuta machozi, nikazima taa. Lakini siku ya kuitwa ilipofika, yeye ndiye aliyeamka kwanza akanyoosha shati lake.

Chumba cha kusikilizia kilikuwa na meza ndefu na viti vilivyoizunguka, vimechoka, sponji inachungulia pembeni. Afisa wa madai alikuwa mama mtu mzima mwenye mafua, miwani imefungwa uzi shingoni. Kufuli na mkewe walikuwa wameshafika. Kufuli alikuwa ameweka kiti chake karibu na mlango kiasi kwamba tulipita nyuma yake kwa ubavu ubavu, na mwili wake ukamficha mama mdogo. Tulikaa bila kumsalimu mtu. Nilimwona mume wangu akikosa utulivu, anainua shingo, anaishusha, kama aliyesahau kitu nyumbani. Mara sindano ikatoka, akaanza kushona pembe ya kiti alichokalia. Nikamwacha.

"Bwana," afisa akamwambia Kufuli, "huyu anayedai ndiye mnufaika, unamfahamu?"

Kufuli akamtazama mume wangu kwa mara ya kwanza. Alimtazama sana, mpaka mimi nikahisi baridi. "Simfahamu," akasema. "Mtoto wa kaka yangu nilimzika kwa mikono yangu hii. Hawa ni matapeli, wameokota kitambulisho mahali. Ningeomba polisi waitwe."

Alisema bila kupepesa. Na jinsi alivyosema, kwa huzuni ya kiasi, na kile kitambulisho chetu mezani, ningekuwa mimi ndiye afisa ningemwamini. Niliona kabisa jinsi itakavyokuwa: sisi tunatolewa kwa pingu, binti yetu anatusubiri kwenye geti la shule, karakana inajazwa magunia ya mtu.

Afisa akapenga kamasi, akageukia upande wa pili. "Mama, na wewe umetia sahihi hapa. Hebu mtazame huyu bwana. Unamfahamu?"

Mama mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amekonda tangu msiba. Kufuli akanyoosha mkono, akauweka juu ya mgongo wa kiti chake. Mkono tu, umetulia. Mama mdogo akafumbua mdomo, na niliona kabisa midomo yake ikijipanga kukana.

Hapo mume wangu akasimama. Nilidhani anakimbia, nikamshika shati. Hakukimbia. Kwa kusimama kwake ndipo alipomwona mama mdogo vizuri, juu ya bega la Kufuli, na akainamisha kichwa jinsi anavyofanya siku zote.

"Shikamoo mama," akasema.

Nilitaka ardhi ipasuke. Watu wanakuzika mchana kweupe, wewe unaamkia!

"Marahaba baba," akaitika mama mdogo. "Hujambo? Na mtoto je, kile kikohozi kimekwisha?"

Yalitoka yote kwa mfululizo, kwa ile sauti ndogo. Kisha akajisikia. Mkono ukapanda ukafunika mdomo, na afisa aliyekuwa anavuta kamasi akaacha katikati. Kufuli alikuwa anageuza shingo kumtazama mkewe, taratibu sana.

Afisa akavua miwani. "Mama," akasema kwa upole, "kikohozi cha mtoto wa nani?"

Mama mdogo akashusha mkono. "Cha mjukuu wangu. Binti wa huyu."

"Mke wangu hayuko sawa tangu msiba," Kufuli akasema haraka.

"Subiri zamu yako, bwana." Afisa akafunga jalada. Madai yamesimama, akasema. Sisi twende tukashughulikie kitambulisho kipya, alama za vidole zitasema zilizobaki. Na kile kiapo atakipeleka kwa wanaohusika na viapo vya uongo.

Ungedhani hapo nilifurahi. Sikuwahi. Tulipotoka kwenye korido, Kufuli alikuwa amemshika mkewe kiwiko, vidole vimezama kwenye nguo, anamwongoza kuelekea ngazi.

"Twende nyumbani, mama," alikuwa akimwambia kwa sauti laini. "Tukaongee."

Mume wangu aliijua sauti hiyo. Nilimwona akibadilika rangi. Akanyoosha mkono kuelekea ukutani kama kawaida yake, akaugusa, kisha akauacha.

"Mwache," akasema. Hakuna aliyesikia isipokuwa mimi. "Mwache," akasema tena, na safari hii sauti ilipasuka kama ya kijana anayebalehe. Kisha akapiga kelele. Miaka yote ya ndoa sijawahi kuisikia sauti ile, na haikuwa nzuri, ilikuwa ya kukwaruza, imejaa kutu. "Mwache mama! Mwache! Mwacheee!"

Milango ya korido nzima ikafunguka. Makarani wakatoka, walinzi wakapanda ngazi, yule binti wa kucha ndefu akachungulia. Mume wangu alikuwa amefumba macho na bado anapiga kelele. Kufuli akawatazama watu, akaachia kiwiko, akanyoosha mkono wa shati lake, akashuka ngazi peke yake. Mama mdogo tulirudi naye. Njiani mume wangu alikuwa ameloa jasho kama aliyetumbukia mtoni.

Nikuambie mapema usije ukakaa na moyo mkononi kama mimi: bima ililipwa baadaye, na chumba ni chetu. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na miezi ya kusubiri, na Kufuli, aliyeshtakiwa kwa kile kiapo, alikuwa nje kwa dhamana, na kwenye maelezo yake alikuwa bado ameshikilia kwamba huyu si mtoto wa kaka yake, ni tapeli. Mama mdogo alilala na binti yetu, mchana akaja karakana kushona vifungo vya mito. Kila kiatu kikilia nje, sindano yake na ya mume wangu zilisimama pamoja.

Asubuhi moja kiatu hicho kikawa chenyewe. Kufuli alisimama mlangoni, mwanga wote nyuma yake, shati limenyooka.

"Nimemfuata mke wangu," akasema.

Nje mashine ya kuchomelea ikazimwa. Jirani akainua kinyago chake, akabaki amesimama, na safari hii hakutazama chini. Mume wangu akainuka. Akaja akasimama kati ya mlango na mama mdogo, ameegemea kochi, na miguu yake ilitetemeka hivi kwamba kochi zima lilikuwa likigonga sakafu, tak tak tak, tunalisikia wote. Nilisubiri apige kelele. Hakupiga.

"Shikamoo baba mdogo," akasema. Alisema kwa nguvu, mpaka dukani kwa vipuri walisikia.

Mdomo wa Kufuli ukafunguka nusu. Mtu mzima ameamkiwa mbele ya watu, wote wanasubiri aitike. Lakini akiitika, amemwitikia nani? Nilimwona akilitafuna neno. Jicho lake likaenda kwenye kufuli lililoning'inia kwenye komeo, na mkono ukalifuata, na mimi nikashika nyundo. Jirani akakohoa. Kufuli akaushusha mkono. Akageuka, akaenda zake, bila kuitika.

Kochi likaacha kugonga. Mume wangu alikuwa ameketi sakafuni, amejichoma sindano kiganjani na hana habari.

"Hakuitikia," akaniambia, machozi yakimtoka kama mtoto. "Nimemwamkia, hakuitikia."

"Marahaba baba," akaitika mama mdogo nyuma yetu, akiokota kifungo kilichomdondoka. "Inuka huko chini, sakafu ina baridi."